Unyoya Shavuni

Jumapili ile Lusia hakungoja kusalimiwa nje ya kanisa. Kabla Padre hajainua mkono kubariki, alijitanda kanga hata ikamfunika shavu la kushoto, akashika njia ya nyuma ipitayo kando ya mashamba ya mkonge, akafika nyumbani kabla watu wa Mingoyo hawajamaliza kupeana mikono. Benchi alilokalia lilikuwa tupu pande zote mbili. Hakuna aliyemfukuza wala kumwambia neno. Kila mmoja alikuwa ameona tu, kwa adabu na kwa sababu yake mwenyewe, kwamba siku hiyo palikuwa na nafasi nzuri zaidi mahali pengine.

Mjomba Leonadi alimkuta jikoni akipepeta mchele uliokwisha kupepetwa.

Leonadi alikuwa fundi cherehani wa pale njia panda. Alikuwa amefiwa na mkewe, na ndiye aliyemlea Lusia tangu dada yake Magdalena, mama wa binti huyo, alipofariki. Kwa desturi ya Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno la mwisho katika ndoa ya mpwa wake. Lakini Leonadi hakuyapenda maneno ya mwisho. Alipenda zaidi kuona kitambaa kikipimwa tena kabla ya kukatwa.

"Umeikimbia baraka," alisema, akivua kofia.

"Ilinikuta njiani, Mjomba."

"Kumbe Padre ana mkono mrefu hivyo." Akaketi juu ya kinu kilicholazwa, akatazama chini kwa muda. "Tuna wageni alasiri. Nikodemu aliteremka jana kutoka Kilwa. Anakuja pamoja na mama yake mkubwa, Scholastica."

Ungo ulisimama mikononi mwa Lusia.

"Na mama yake mwenyewe?"

"Mama Rosa anaumwa kiuno."

"Nilimwona kanisani. Aliimba kwa kiuno hicho hicho."

"Basi kimeanza baada ya Misa," alijibu mjomba, naye hakucheka.

Lusia alizaliwa na waa jeusi, lililoanzia chini ya jicho la kushoto na kushuka hadi karibu na taya, pana kama kiganja cha mtoto. Wakunga walisema kwamba mama yake, akiwa mjamzito, alijishika shavu usiku ule mwezi ulipopatwa. Watoto wenzake walilitania waa lile hata wakachoka, naye akakua akijua kuchagua mahali pa kuketi ili ulimwengu uwe upande wake wa kulia.

Mtu mmoja tu hakukubali kuwekwa upande huo. Nikodemu alikuwa mkaguzi wa korosho wa chama cha ushirika, kijana mrefu, mpole, mwenye tabia ya kunyamaza kwanza na kujibu baadaye. Walijuana Lindi katika ghala la chama, mahali ambapo wasichana walikuwa wakichambua korosho, naye akipita kuzipasua chache na kutazama ndani kama ni nzima. Siku moja alichukua kigoda, akakiweka upande wa kushoto wa Lusia, akaketi.

"Mbona huko?" Lusia alimwuliza.

"Huku ndiko ninakokutambulia. Mkijaa humu ndani wote mmefunga vilemba, mimi hutafuta hili kwanza, ndipo nikaenda kazini nimetulia."

"Unanicheka."

"Nalipenda," alisema Nikodemu, naye hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili.

Posa ikapelekwa, ikapokewa; ndoa ikapangwa kufungwa baada ya msimu wa korosho. Kisha Nikodemu akahamishiwa Mitole, katika wilaya ya Kilwa, kule ambako watu walikuwa wakijenga kijiji kipya na chama kikifungua kituo cha kununulia. Hakuwapo, basi, siku ile mama yake aliposema mbele ya akina mama wa kanisa, huku wakipamba altare, kwamba yeye hakuzaa ili apate wajukuu waliopakwa masizi. Lusia alikuwa nyuma ya mlango, ameshika chombo cha maua. Aliyaweka maua mahali pake, akayapanga vizuri, akarudi nyumbani. Juma lililofuata alipanda basi kwenda hospitali ya misheni huko bara, wala hakumpelekea Nikodemu habari.

Sista daktari wa hospitali ile alikuwa na mtungi wa chuma, kama ule utumiwao na watengenezaji soda. Aliufungua ndani ya kipande cha ngozi laini, hewa ikatoka kwa sauti kali, na ndani ya ngozi ile ukabaki unga mweupe kama barafu iliyosagwa, baridi kupita baridi yoyote ambayo binti wa pwani amewahi kuisikia ikisimuliwa. Akaushindilia unga ule katika kibomba hata ukawa kama chaki, akamkazia Lusia shavuni. Iliunguza kama kaa la moto. Baadaye yalitokea malengelenge, kisha gamba, na gamba lilipobambuka, waa lilikuwa limekwenda. Mahali pake palibaki baka jeupe lenye wekundu, lisilosikia kuguswa. Sista alikuwa amemwonya tangu mwanzo. Ngozi nyeusi ikiguswa na barafu ile, alisema, hupoteza rangi na hisia kwa muda mrefu; kwa kawaida vyote hurudi polepole kutoka pembeni, ila hakuweza kumwapia. Lusia alikuwa amekubali.

Jambo ambalo hakulifikiri ni kwamba hospitali ile ile, upande wa kilimani, ilikuwa na nyumba za wagonjwa wa ukoma. Watu wa Mingoyo waliokwenda kumwona ndugu yao walimwona na yeye akipita uani, amefungwa bendeji usoni. Habari zikashuka kabla yake. Tena, hakukuwa na mtu mzima katika nchi ile asiyewajua wapimaji waliokuwa wakizunguka vijijini na unyoya: mtu hufumba macho, akaguswa hapa na pale, akaonyesha kwa kidole mahali alipoguswa. Mwenye baka jeupe asilolisikia, huyo alichukuliwa kilimani. Basi Lusia aliporudi na baka jeupe, hakuna aliyehitaji kuuliza. Alieleza habari za barafu mara nyingi. Watu walimsikiliza kwa huruma, kama anavyosikilizwa mtu anayejitetea.

Wageni walifika jua lilipokuwa limekwisha kulegea.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema Mama Mkubwa Scholastica mlangoni. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mwendo wa taratibu na macho yasiyokosa kitu.

"Milele amina. Karibuni ndani," Leonadi alijibu.

"Shikamoo, Mama Mkubwa," alisema Lusia, akipiga goti.

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Au ni hii kanga imekumeza?"

Nikodemu aliingia nyuma yake, akainama ili asigonge kizingiti. Lusia alikuwa ameamua tangu asubuhi jinsi atakavyofanya. Alisimama mbele yake, akaiteremsha kanga hadi mabegani, akamwacha amtazame. Miezi yote aliyokuwa peke yake alikuwa akiufikiria mtazamo huu mmoja. Macho ya Nikodemu yalimjia kwa furaha isiyojificha, yakatafuta mahali yalipozoea kutua, yasipaone. Yakasimama juu ya lile jeupe, kisha yakaenda kwenye cherehani, yakabaki huko. Alinyosha mkono, naye Lusia akaushika. Mkono ule ulikuwa umechelewa kidogo tu, kiasi ambacho mtu asiyependa asingekiona.

"Umekuwaje?" Nikodemu aliuliza.

"Sijambo. Safari ya Mitole?"

"Njema. Barabara mbaya."

Wakaketi. Lusia aliandaa chai. Mama Mkubwa aliipokea, akaishukuru, akaiweka chini karibu na mguu wa kiti, na huko chai ikapoa bila kuguswa. Leonadi alikiona kikombe kile. Akamaliza chake kwa mikupuo mirefu yenye sauti kuliko kawaida yake.

"Ndugu yangu Leonadi," alianza Mama Mkubwa, "mimi sikuja kugombana. Mimi na wewe tumefundishwa katekisimu na mwalimu mmoja, tukachapwa kwa fimbo moja."

"Wewe ulichapwa zaidi."

"Kwa sababu nilikuwa nikikunong'onezea majibu." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Mdogo wangu Rosa ana mtoto huyu mmoja wa kiume. Rosa hali wala halali. Anasema binti ana ugonjwa, na ninyi mnasema hana. Sasa kati ya neno lake na neno lenu, mimi nifanyeje? Nimeona tulimalize jambo hili wenyewe, ndani ya nyumba, pasipo kuita watu wa nje."

Akafungua leso, akatoa unyoya wa kuku, mweupe, uliooshwa.

Leonadi akainuka.

"Scholastica, nyumba hii ni ya kushonea nguo. Si zahanati."

"Naijua ni ya kushonea."

"Basi rudisha unyoya wako kwa kuku wako."

"Mjomba," alisema Lusia, "mwache." Akamgeukia Nikodemu. "Wewe ulijua kwamba Mama Mkubwa amechukua unyoya?"

Nikodemu alinyamaza kwanza, kama ilivyokuwa tabia yake. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Mama alisema pasipo hili hatatoa baraka yake. Nikaona, Lusia, ni jambo dogo. Utaonyesha unapoguswa, wote watanyamaza, nasi tutaendelea na mambo yetu."

"Nilikwambia, kwa kinywa cha dereva wa basi niliyemtuma kwako, kwamba pale hapasikii bado. Alikufikishia?"

"Alinifikishia."

"Na habari za barafu?"

Nikodemu alitazama mikono yake. "Alinifikishia pia."

Mama Mkubwa alimnyoshea unyoya. "Shika wewe, Niko. Nikishika mimi watasema nimeonea."

Lusia mwenyewe ndiye aliyekisogeza kiti chake katikati ya chumba, penye mwanga wa mlango. Nikodemu akaweka kigoda mbele yake, akaketi, magoti yao yakakaribiana. Kwa kuwa hawakuwahi kukaribiana hivyo mbele ya watu, wote wawili waliona haya, na haya ile, mahali kama pale, ilikuwa tamu na chungu kwa pamoja. Lusia alinusa sabuni katika shati lake, na harufu ya ganda la korosho isiyotoka kamwe vidoleni mwa mtu wa kazi ile. Akafumba macho.

Unyoya ulimgusa kipaji cha uso. Akaonyesha.

"Sawa," alisema Mama Mkubwa.

Ulimgusa kidevu, halafu shavu la kulia, polepole, kana kwamba anayeushika ametamani ubaki hapo. Akaonyesha mara zote mbili.

"Sawa. Sasa huko."

Lusia alingoja. Alisikia bata wa jirani, akasikia lori likibadilisha gia pale njia panda, likienda upande wa Mtwara. Usoni hakusikia kitu. Alijua kwamba huenda wakati huo huo unyoya unampita shavuni, mbele ya macho ya wote, naye hana habari, kama mtu anayesemwa katika nyumba ya jirani.

Ndipo goti la Nikodemu lilipoligusa goti lake.

Liligusa kidogo, chini ya kunjo la kanga, mahali ambapo Mama Mkubwa hangeweza kuona. Likaondoka, likagusa tena.

Alielewa mara moja. Ilikuwa ni kumwambia: sasa, hapa, onyesha. Moyo wake ulijaa upendo kwa mtu huyu mkweli, ambaye hakuwahi kupandisha daraja gunia moja la korosho mbovu kwa ajili ya ndugu yake yeyote, na leo alikuwa akidanganya mbele ya mama yake mkubwa kwa ajili yake. Kidole chake kilikwisha kuinuka. Lakini kilipokuwa kikipanda, wazo la pili likafika nyuma ya lile la kwanza. Mtu husaidiwa hivi anapodhaniwa kuwa mgonjwa. Nikodemu hakuyaamini maneno yake hata kidogo. Alikuwa amesafiri kutoka Mitole akiwa na hakika kwamba Lusia ana ukoma, akaamua njiani kwamba atamwoa hivyo hivyo, na kumficha.

Goti likagusa mara ya tatu, kwa kusihi.

Lusia akakishusha kidole, akafumbua macho. Unyoya ulikuwa juu ya shavu lake la kushoto.

"Hapo sikusikia kitu," alisema.

Mama Mkubwa Scholastica hakufurahi. Alikuwa amekuja na neno lake tayari, na sasa neno lile halikutoka. Alijikokota akainuka, akamwekea Lusia mkono kichwani, upande wa kulia.

"Mungu akusitiri, mwanangu. Ungeweza kutudanganya, wala tusingejua." Akamgeukia Leonadi. "Nisindikize hadi barabarani, ndugu yangu. Wape hawa nafasi ya kuagana."

"Hawaagani," alisema Leonadi. Hata hivyo alichukua kofia yake, wakatoka.

Nikodemu alibaki juu ya kigoda, unyoya ungali mkononi.

"Ulilisikia goti langu," alisema.

"Nililisikia. Goti langu ni zima."

"Basi kwa nini? Ungeinua kidole tu. Yangekwisha. Baada ya msimu tungekwenda Mitole. Kule hakuna anayekujua. Nimekwisha kupewa kiwanja, Lusia. Nimekata nguzo."

"Ungemwoa nani huko Mitole?"

"Wewe."

"Ungemwoa mgonjwa. Ungeamka kila siku ukinitazama vidole kama vimeanza kukatika. Ungesema moyoni mwako, nimemvumilia."

"Je, huo si upendo?" Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Mtu kukutaka hata kama ni hivyo, si upendo? Wangapi katika mji huu wangefanya?"

"Hakuna. Ni upendo, Niko, ndiyo maana naona uchungu. Ungekuwa si upendo, ningecheka, nikakupa kofia yako." Alivuta pumzi. "Ila mimi si mgonjwa. Nilikwambia hivyo, na hukusadiki."

"Barafu inayounguza?" Alisema kwa upole, kama anayemwogopea. "Lusia, mimi barafu nimeishika. Pale Lindi huuzwa pamoja na samaki. Haiunguzi. Nilitaka kuamini. Usiku kucha huko Mitole nilijaribu. Nikajiuliza, ni hospitali gani humpa mtu uzuri na kumrudisha na..." Hakulimalizia neno.

"Hospitali iko pale pale. Basi la kwenda huko hupita hapa njia panda kila siku. Kati ya kupanda basi ukamwulize Sista, na kuchukua unyoya wa mama yako, ulichukua unyoya."

Neno hilo lilimwingia. Aliuweka unyoya juu ya cherehani, akaondoa mkono wake haraka.

"Kesho nitakwenda," alisema. "Nitamwuliza."

"Atakwambia, nawe utamwamini. Mimi utaniamini lini?"

Nje jua lilikuwa likishuka nyuma ya minazi, na kivuli cha mlango kikaingia ndani hadi miguuni mwao. Nikodemu alipoinua uso, macho yake yalikuwa na maji, lakini yalimtazama sawasawa, bila kukimbia.

"Na mimi nina neno," alisema. "Nilikwambia kwamba lile waa nalipenda. Nilikwambia pale ghalani, kwa kinywa changu, wala si kwa dereva wa basi. Wewe uliniamini?"

Lusia aliutazama unyoya juu ya cherehani.

"Nimesikia mama alisema neno moja, nawe ukaenda ukalichoma. Hukuniuliza. Nilikuwa nikilitafuta kwanza kila nilipoingia mahali. Leo nimeingia humu nikalitafuta. Ukasema moyoni kwamba nimekuchukia. Lusia, sikujua pa kutazama."

Binti alijishika shavu. Hilo hakuwa amelifikiri. Miezi yote ile alikuwa amehesabu mabaya aliyotendewa na mama huyu na yule, wala hakuwahi kujiuliza kama amemtendea mtu. Alikuwa ameliona pendo la Nikodemu kama hisani ambayo siku moja itachoka, akafanya haraka kulitafutia dawa kabla halijachoka. Kama Nikodemu alivyokuja na unyoya wake, ndivyo na yeye Lusia alivyokwenda na shavu lake hospitalini. Wote wawili hawakusadiki.

"Nisamehe," alisema.

"Nisamehe na wewe."

Wangeweza kuishia hapo. Nikodemu alikuwa amekwisha kuinuka, na mikono yake ilikuwa ikitaka kumshika. Lakini Lusia aliona kwamba macho yale, pamoja na machozi yake yote, yalikuwa bado yakiuliza. Hata msamaha haukuwa umeliondoa swali lile. Lilikuwa limekaa ndani yao, likisubiri jibu la Sista.

"Nenda Mitole," alisema. "Usipite hospitali."

"Kwa nini?"

"Rangi itarudi. Sista alisema huanzia pembeni. Ikirudi, habari itafika Kilwa, hata mama yako atakuja mwenyewe kwa kiuno chake. Siku hiyo kila mtu ataniamini, nawe ukija pamoja nao sitajua kama umekuja kwangu au kwa rangi. Nataka uje kabla. Uje nikiwa hivi hivi, bila kuuliza mtu, kwa sababu mimi nimekwambia."

"Na kama nisipoweza? Imani si mzigo wa kuni ambao mtu huukata na kujitwika, Lusia. Nikija nikijilazimisha, utaniona."

"Nitakuona. Basi usije ukijilazimisha."

"Na kama rangi isiporudi kamwe?"

"Hapo utakuwa na muda mwingi."

Alicheka, cheko fupi la mtu aliyeumia, na Lusia naye akacheka, na kwa kitambo hicho kidogo walikuwa tena wale wawili wa ghalani. Kisha Mama Mkubwa akaita kutoka barabarani. Nikodemu alichukua kofia yake. Mlangoni aligeuka, akamtazama shavu la kushoto kwa muda mrefu, kama mtu anayejifunza njia mpya, akainama, akatoka.

Msimu ulianza. Magari ya chama yalipita usiku na mchana yamejaa magunia, na vumbi lao likatanda juu ya nguo zilizoanikwa. Watu waliotoka Kilwa walisema kituo cha Mitole kina kazi nyingi, na mkaguzi wake amekuwa mtu wa kunyamaza kuliko zamani. Mmoja alisema amejenga nyumba, imesimama, haijaezekwa. Mwingine alisema mama yake amekwisha kumtafutia binti kwao Newala. Lusia aliyasikia yote akiwa kwenye mashine, akipindia mikono ya mashati, kwa kuwa mjomba alimfundisha kazi ili asiwe na saa tupu. Wateja walimsalimu kutoka nje. Kanisani benchi liliendelea kuwa refu.

Kila asubuhi alisimama mbele ya kioo cha wateja. Mwanzoni alitazama kwa hamu. Baadaye alitazama kwa hofu, wala hakuyasema hayo kwa mtu, maana nani angemwelewa msichana aombaye uzuri wake ukawie?

Siku moja ya Majilio, Leonadi alikuwa akinoa mkasi karibu na dirisha alipouacha mkono hewani.

"Geuka hivi," alisema. "Hebu sogea kwenye mwanga."

Lusia akasogea. Hakuhitaji kioo, alikwisha kuiona tangu juzi. Pembeni mwa lile baka, karibu na sikio, ilikuwapo nukta nyeusi, ndogo kama mbegu ya mchicha, na chini yake nyingine.

Mzee alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Tangu afiwe na mkewe, Lusia hakuwahi kumwona katika hali hiyo.

"Inarudi," alisema. "Mwanangu, inarudi. Leta viatu vyangu. Naenda kwa Scholastica sasa hivi, nimlete kwa mkono wangu, aje atazame mwenyewe."

"Mjomba, keti."

"Nikae nini? Haya ndiyo tuliyoyaomba."

Lusia aliivuta kanga, akaifunika nukta ile, akaishikilia hapo kwa kiganja.

"Usimwambie mtu," alisema. "Bado hajaja."